Bingwa Tuliyemnywesha

Jumapili moja ya mwezi wa Oktoba, katika ua wa nyumba zetu pale Kutaisi, mambo yalikuwa shwari kabisa. Majani ya mzabibu uliotambaa juu ya ua mzima yalikuwa yameanza kuwa mekundu. Mzevinar alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mbao, sinia la njugu za jozi mapajani, akitunga kokwa moja moja kwenye uzi mrefu ili baadaye azichovye katika uji wa zabibu uliokuwa ukitokota jikoni. Karibu na bomba la maji, mumewe Varlam alikuwa ameinamia ubao wa sataranji pamoja na binti yao Tsiala, msichana wa miaka kumi na sita.

"Usimkimbilie mfalme wangu," Varlam alimwambia. "Mfungie milango kwanza. Mbona kobe wako amelala tangu asubuhi? Mwamshe."

Kobe ni ile kete inayokwenda mshazari. Ndivyo tunavyoiita huku kwetu.

"Kobe hana haraka, Baba."

"Hana haraka, ndiyo, lakini wewe umemsahau. Kuna kungoja na kuna kusahau."

Tsiala akacheka, akamsogeza kobe, na Varlam akatoa mlio wa kuridhika, mlio ule ule aliokuwa akiutoa akila maharage ya mkewe. Mzevinar aliwatazama na moyo wake ukatulia. Ilikuwa wiki ya tano Varlam hajaonja pombe. Daktari alikuwa amemkalisha mwezi wa Agosti akamwambia bila kuzunguka: "Ini lako limechoka, bwana. Ukiacha leo, utawaona wajukuu. Ukiendelea, sikuahidi hata miaka miwili." Varlam alirudi nyumbani akalia mbele ya mkewe, kisha akaacha. Hakumtangazia mtu. Aliacha tu.

Sasa nisikilizeni, watu wa mtaa wetu, na nyie wa mitaa mingine mnaoishi kama sisi. Lazima mjue Varlam alikuwa nani kwetu, maana bila hilo hamtaelewa tulivyomfanyia.

Alikuwa mtoto wa mshona kofia. Sataranji alijifunza kwa kusimama nyuma ya wazee bustanini, mikono mfukoni, mpaka siku moja mzee mmoja akamwambia akae chini, naye akamfunga mzee yule mara tatu mfululizo. Akiwa na miaka thelathini na moja alikwenda Moscow kwenye mashindano makubwa, na kule, akiwa na kete nyeusi, akamshinda mtu ambaye magazeti yalikuwa yameandika kwamba hashindiki. Varlam, mtu mfupi, mwenye masikio makubwa, mwenye koti la kuazima! Treni yake iliporudi, mji mzima ulikuwa stesheni. Tulimbeba mabegani mpaka kwenye Daraja Jeupe, wanawake wakimrushia maua kutoka madirishani.

Na tangu siku ile, kwa miaka kumi na minane, Varlam hakuweza tena kupita barabarani bila kuitwa mezani. Nyie mnajua meza zetu. Hapa kwetu mtu hanywi kimya kimya kama anayekunywa dawa. Glasi hunyanyuliwa kwa jina la amani, kwa jina la wazazi, la marehemu, la watoto, la mgeni, na kila mara mtu husimama akasema maneno mazuri, wote wakaitikia, wote wakamaliza glasi. Kuikataa glasi ni kumkataa yule iliyonyanyuliwa kwa ajili yake. Basi kila mwenye harusi alimtaka Bingwa, kila mwenye ubatizo, kila aliyejenga chumba au kununua pikipiki. Hakuna aliyemtakia mabaya. Kila mmoja wetu alimpa glasi moja tu. Hakuna aliyezijumlisha.

Turudi uani. Mzevinar alikuwa bado anatunga jozi zake pale lango la chuma lilipogongwa kwa teke, akaingia Bondo, muuza nyama wa sokoni, jirani yetu wa nyumba ya pili. Alikuwa na mtungi wa mvinyo kwapani na machozi machoni.

"Bingwa! Shemeji! Nimepata mjukuu! Wa kwanza! Kilo nne na nusu, mnasikia? Ana mikono kama yangu!"

"Hongera sana, Bondo!" Mzevinar aliinuka, jozi zikamwagika. "Mama yake anaendeleaje?"

"Mzima kama ng'ombe. Lete glasi, shemeji."

"Nitakuletea yako. Varlam amepumzika kunywa."

Bondo akacheka. "Amepumzika? Basi apumzike kesho. Bingwa, nimetoka hospitali, sijafika hata kwangu. Nimesema, wa kwanza kumbariki mtoto huyu awe Varlam, ili apate akili, asije akawa mpumbavu kama babu yake."

"Ndugu yangu Bondo," Varlam alisema, "nitambariki kwa mkate na chumvi. Daktari amenikataza."

"Daktari gani? Yule mrefu? Mwenyewe nimemwona harusini akinywa kama punda jangwani!"

"Bondo, nimekuomba."

Uso wa Bondo ukabadilika. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alisimama pale na mtungi wake kama mtoto aliyefukuzwa dukani. "Sawa," alisema. "Sikujua. Kwa mtoto wa mkuu wa posta ulikunywa. Kwa mjukuu wa muuza nyama, hapana. Nimeelewa."

Varlam alimtazama mkewe. Mzevinar akatikisa kichwa, polepole, mara mbili. Tsiala alikuwa amekaza macho yake kwenye ubao.

"Moja," Varlam akasema. "Kwa mtoto. Moja tu."

Mzevinar aliokota jozi zake moja baada ya nyingine, na hadi alipomaliza kuziokota, mtungi ulikuwa nusu.

*

Kuanzia hapo wiki tano zile zilikuwa kama hazikuwahi kuwepo. Mtu aliyekunywa kwa Bondo atawezaje kukataa kwa fundi viatu? Na aliyekunywa kwa fundi viatu atamwambia nini shemasi? Kufikia Krismasi alikuwa akianza asubuhi, na gongo la zabibu, si mvinyo tena.

Mwezi wa Februari timu ya mji wa Batumi ilikuja kucheza na timu yetu, na Varlam akawekwa meza ya kwanza kama kawaida. Siku hiyo alifanya jambo moja la kishujaa ambalo hakuna aliyelijua ila mkewe: aliamka akakataa kugusa chupa. "Mchezo ni mchezo," alimwambia. "Sitauingia nikiwa nimelewa." Alinyoa ndevu mwenyewe, akajikata mara mbili. Mzevinar akamfunga tai, wakaenda.

Mpinzani wake alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, Lamara, mwenye nywele zilizosukwa na kalamu nyuma ya sikio. Mzevinar alikaa safu ya tatu. Hakuwa mchezaji, lakini baada ya miaka ishirini ya ndoa alijua kuusoma mgongo wa mumewe, na saa ya tatu ya mchezo aliuona mgongo ule umenyooka. Varlam alikuwa anashinda. Watu ukumbini walianza kunong'ona. Alikuwa na askari mmoja aliyebakisha hatua mbili afike mwisho wa ubao, ageuke waziri, kete yenye nguvu kuliko zote, na mchezo uishe.

Alinyoosha mkono kumsukuma askari yule. Mkono ukatetemeka. Mwili ulikuwa unadai kile ulichozoeshwa, na mkono haukuweza kuficha. Vidole vikampita askari, vikamgusa mfalme.

Katika sataranji, kete uliyoigusa ndiyo utakayoicheza. Hakuna msamaha.

Lamara alikuwa ameona. Akainamisha kichwa haraka akajifanya anaandika. "Mimi sijaona kitu, mjomba," alisema kwa sauti ya chini.

"Mimi nimeona, binti yangu," Varlam akajibu. Akamsogeza mfalme.

Baada ya hatua kumi na moja alikuwa ameshindwa. Alimpa binti yule mkono, akamsifu, akainuka. Mzevinar alikimbilia mlango wa nyuma ili amchukue kabla ya watu. Hakuwahi. Marafiki walikuwa wamemzunguka tayari, mmoja amemshika bega, mwingine anafungua chupa. "Usijali, Bingwa. Kunywa, upoe. Ubao ni mbao tu." Na macho ya Varlam, Mzevinar aliyaona, hayakuwa kwa marafiki. Yalikuwa kwenye chupa.

Mwezi uliofuata mzee Galaktion, mkuu wa kituo cha michezo cha watoto ambako Varlam alifundisha sataranji, alimwita ofisini. Hakumfokea. Alimwambia, "Mwalimu, jana nimepita darasani kwako. Mtoto wa miaka minane alikuwa amenyanyua kikombe cha chai, anatoa hotuba, anayumba. Wenzake wanacheka. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema, ninakuwa Bingwa."

Varlam aliacha funguo mezani, akatoka bila kuaga.

*

Mwezi wa Aprili Mzevinar alifanya jambo ambalo mwanamke wa kwetu hafanyi. Alijifunga kitambaa cheusi kichwani kama aliyefiwa, akatoka nyumba kwa nyumba, mlango kwa mlango, mtaa wetu wote na mtaa wa ng'ambo ya mto Rioni, akawaomba watu wasimnyweshe mumewe. Alitembea siku nne. Alifika hata kwa watu ambao hakuwahi kusalimiana nao.

"Sijaja kuomba unga wala hela," alikuwa anaanza hivyo. "Nimekuja kuomba kitu rahisi kuliko hivyo. Varlam akipita hapa, msimwite. Akija mwenyewe, mpeni chai."

Wengine waliona haya. Wengine walimkatiza wakaanza kumsimulia walivyokuwa stesheni siku ile treni ilipofika. Mke wa fundi viatu alimwambia, "Dada yangu, na wewe umfungie mlango basi! Mbona unatubebesha sisi?" Mzevinar akamjibu, "Nimefunga mlango. Mnamwitia dirishani."

Kwa Bondo alienda mwisho, kwa makusudi. Bondo alikuwa anakata mbavu za kondoo. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka shoka chini, akafuta mikono, akaanza kulia mwili mzima ukitikisika.

"Ni mimi, shemeji. Mimi na mtungi wangu. Naapa kwa kaburi la mama yangu, tone halitatoka mkononi mwangu. Na atakayempa, nitamvunja mkono."

Na mjue kwamba tulitimiza. Lazima niseme ukweli, tulitimiza miezi mitano. Varlam aliteseka wiki mbili za kwanza, alitapika, alimtukana mkewe matusi ambayo sitayarudia, aliona panya ukutani ambao hawakuwepo. Mzevinar alimshika kichwa, Tsiala akafua mashuka. Kisha siku moja ya Mei alikuja jikoni mwenyewe akaomba mkate wa mahindi na jibini. Alikula vipande vitatu. Mzevinar alijigeuza kwenye sufuria ili asionekane uso.

Kiangazi hicho alinunua daftari, akaanza kuandika mafunzo ya michezo ya mwisho, ile hali ya kete kubaki chache sana ubaoni. Asubuhi kwa asubuhi alikaa chini ya mzabibu akiandika kwa penseli. "Watu wanapenda kuanza," alimwambia mkewe. "Kuanza kila mtu anajua. Hiki kitabu ni cha wale waliobakiwa na vitu vichache." Alijaza kurasa tisini. Rangi ya uso ilimrudia. Jirani akipita na mtungi aliuficha chini ya koti, na Varlam aliona, akacheka.

Laiti tungeishia hapo.

*

Oktoba alitimiza miaka hamsini. Mji ukaamua kumfanyia heshima. Kulikuwa na kamati, na mzee Galaktion akachaguliwa kusimamia meza, yaani kuongoza hotuba na kunywa. Mzevinar alipowasikia, aliwaendea.

"Mkifanya, mfanye kwa limau na sukari. Vinginevyo msifanye."

"Dada, unatuonaje?" Galaktion alisema, amejeruhiwa. "Sisi si wauaji. Mbele yake itawekwa birika ya maji ya limau. Nitasimamia mwenyewe."

Sherehe ilikuwa mchana, ukumbi umejaa jua, meza imepangwa kwa umbo la herufi U, watu mia na ishirini. Samaki, kuku kwa mchuzi wa jozi, mikate ya jibini inayotoa mvuke. Mimi ninayewasimulia nilikuwa hapo, kiti cha nne kutoka mwisho. Birika ya limau ilikuwa mbele ya Varlam kama walivyoahidi. Glasi saba zilinyanyuliwa, na mara saba Varlam alinyanyua limau lake. Mzevinar, upande wake wa kushoto, alianza kula.

Ya nane ilikuwa ya wazazi. Galaktion alisimama, na kwa kuwa alikuwa msemaji mzuri, alisema vizuri. Alimtaja mama yake Varlam, aliyeuza soksi za sufu stesheni ili mwanawe apate nauli ya kwenda Moscow, akafa kwa mapafu kabla ya treni kurudi. Nusu ya meza walikuwa wanalia. Kisha Galaktion, machozi yake mwenyewe yakimtiririka, akachukua kutoka ukutani pembe la mbuzi wa mlimani lenye ukingo wa fedha, akalijaza mvinyo.

"Tumeahidi, ndiyo," alisema. "Lakini mama hanyweshewi limau. Mama ni mara moja tu. Varlam, ndugu yetu. Kwa mama yako."

Ukumbi wote ukasimama. Mia na ishirini, glasi mikononi. Hakuna aliyesema "acha." Bondo alikuwa amesimama mbele kabisa, yule aliyeapa kwa kaburi la mama yake, na alikuwa analia kwa ajili ya mama wa mwenzake.

Mzevinar aliinuka. Alilichukua pembe lile mikononi mwa Galaktion kabla halijamfikia mumewe, akaligeuza. Mvinyo ukamwagika kwenye sakafu, ukaruka kwenye viatu vya watu.

Watu wakarudi nyuma. Kisha sauti ya mwanamke mmoja: "Mungu wangu! Amemwaga kumbukumbu ya marehemu!" Na mwanamume: "Mke gani huyu?" Na mwingine: "Mwondoeni, amechanganyikiwa!"

Mzevinar hakuwatazama. Alimtazama Varlam. "Sema wewe," alimwambia. "Waambie. Wewe wakikusikia wataacha. Neno moja tu, Varlam."

Varlam alikuwa amekuwa mweupe. Aliangalia sakafu, akaangalia zile nyuso mia na ishirini za watu waliombeba mabegani. Mtu aliyekaa Moscow saa tano bila kupepesa jicho mbele ya mwamba wa watu, siku hiyo hakuweza kuvumilia kutazamwa na majirani zake.

"Kaa chini, Mzevinar," alisema. "Unaniaibisha mbele za watu."

Akanyoosha mkono, akalichukua pembe, akampa Galaktion alijaze upya.

Tukaitikia. Mimi pia niliitikia, kwa sauti kubwa. Mzevinar alichukua kitambaa chake kitini, akatoka kupitia jikoni, na wanawake waliokuwa wakikaanga humo walimpisha bila kumtazama.

*

Yaliyobaki ni mafupi, maana hayakuchukua muda.

Kufikia Desemba macho ya Varlam yalikuwa ya njano kama nta, miguu imekonda, tumbo limejaa maji. Walimlaza hospitali. Mzevinar alikuwa akienda kila mchana na supu, na kila mchana aliikuta harufu ile ile. Siku moja alimkuta Bondo kando ya kitanda na kopo la maziwa, na ndani ya kopo hamkuwa na maziwa.

"Kidogo tu, shemeji," Bondo alisema kwa haraka. "Ameniomba mwenyewe. Alinishika mkono akaniomba. Utamnyimaje mtu aliye hivi?"

Mzevinar hakuwa na nguvu ya kupiga kelele. Alilichukua kopo, akalimimina kwenye sinki, akalisuuza, akamrudishia. "Nenda nyumbani, Bondo," alimwambia. Siku ya pili kuna mwingine alileta kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

Madaktari walimrudisha nyumbani Januari. Walikuwa wamemaliza yao. Wakati mwingine alijijua, wakati mwingine hakujua hata mwaka. Alasiri moja aliomba ubao. Tsiala akauweka kitandani, juu ya blanketi, akapanga kete kwa sababu baba yake alizipanga kombo. Wakaanza. Hatua ya sita, Varlam akamshika kobe, akamsukuma mbele moja kwa moja, kama gari barabarani.

Tsiala alimtazama mama yake mlangoni. Kisha akamshika kobe wake mwenyewe, naye akamsukuma moja kwa moja.

"Unacheza vizuri leo," Varlam akamwambia.

"Asante, Baba."

Msichana alimaliza mchezo ule usio mchezo. Akaziweka kete kwenye sanduku, akatoka mpaka kwenye bomba uani, akafungua maji ili asisikike. Tangu siku hiyo hajagusa sataranji tena.

Varlam alifariki mwezi wa Machi, theluji ikiyeyuka, Jumatano saa nne asubuhi. Dakika chache kabla ya hapo alijijua, akamshika Mzevinar kidole, si mkono, kidole kimoja, akasema, "Ningekataa." Mzevinar akangoja amalize. Hakumalizia. Mpaka leo Mzevinar hajui kama alimaanisha kwamba angepata nafasi tena angekataa, au kwamba hata angekataa isingesaidia. Ameigeuza sentensi ile kila upande.

Mji ulimzika kwa heshima kubwa. Bendi ilikuja, na watu wa Batumi, na Lamara, amevaa nguo nyeusi, aliyesimama peke yake nyuma akilia kuliko wengi wetu. Kisha tukakaa mezani, kama desturi, tukamnyanyulia glasi. Nyingi. Wawili walibebwa kurudi nyumbani.

Siku ya arobaini Bondo alikuja kwa Mzevinar. Siku hiyo hakuwa amelewa, na alionekana amezeeka. Alimkuta anafunga vyombo kwenye masanduku, maana alikuwa ameamua kuhamia kwa dada yake katika mji wa Zestaponi. Bondo alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shemeji," alisema, "silali. Nifanyeje? Kwa nini hamkutuzuia? Mtu angetuambia tunamuua, nani angemnywesha?"

Mzevinar aliendelea kukunja gazeti kwenye sahani. Alikunja ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikuwa na majibu mengi, na hakuona faida ya hata moja.

"Niliwaambia," alisema mwishowe. "Nilikuja kwako ukiwa unakata mbavu."

 Bondo akakaa kwenye ngazi ya mbao, na Mzevinar akampita na sanduku, akampita tena na sanduku lingine, mpaka gari likajaa. Tsiala alikaa mbele na dereva. Hawakupunga mkono, na hatukustahili kupungiwa. Lile daftari la kurasa tisini waliondoka nalo. Kamati iliandika barua mara mbili kuliomba, ili mji ulichape kwa heshima ya Bingwa, na hakuna jibu lililokuja.

FUNZO

Ndugu zangu, msiseme kwamba Varlam aliuawa na pombe peke yake, wala msiseme alikuwa dhaifu, ingawa alikuwa dhaifu, na siku ya sherehe alimwacha mke wake peke yake mbele ya watu wote. Hilo ni lake na amekwisha kulilipa. Letu ni hili: tulipenda kuwa karibu na ushindi wake kuliko tulivyompenda yeye. Tulitaka aguse glasi zetu ili nasi tuonekane. Mtu akikwambia "daktari amenikataza," amekuonyesha mahali panapomuuma. Ukimsukuma hapo hapo kwa jina la mjukuu, la mama, la Mungu au la urafiki, jina hilo halikusafishi.

Heshima inayomlazimisha mtu kujidhuru si heshima. Glasi moja ya kila mmoja wetu ni ndogo, lakini tumbo linalozipokea zote ni moja. Na mwanamke akija mlangoni kwako akakuomba usimpe mumewe pombe, usilie mbele yake wala usiape. Machozi tulimpa mengi, na viapo pia. Alichohitaji ni mtu mmoja tu, kati ya watu mia na ishirini waliosimama ukumbini siku ile, ambaye angeiweka glasi yake chini.

Mimi nilikuwa kiti cha nne kutoka mwisho, na sikuiweka.